Ubao wa Mama Keomany

Kwanza nikwambie, mimi na Mama Keomany tumegombana mara nyingi kuliko tulivyopatana, kwa hiyo usidhani namsifu kwa kuwa ni jirani. Mimi nauza supu ya tambi upande huu wa kichochoro, yeye ana nyumba ya wageni ya vyumba vitatu upande ule, na miaka ishirini na moja sasa tunatazamana mlango kwa mlango. Yeye anaisema chumvi yangu, mimi nausema mdomo wake. Lakini kwenye lile suala la ubao nitasimama naye mpaka naingia kaburini, na asiyependa akanywe supu kwingine.

Ubao wenyewe ni wa kijani, ulitupwa na shule walipoletewa mpya. Aliutundika mlangoni, akawa anaandika kwa chaki yale ambayo mgeni anapaswa kuyajua, kwa lugha ya wageni aliyojifunzia hapo hapo jikoni kwake. Boti ya kwenda juu ya mto inaondoka ikijaa, usiulize saa. Mwezi wa nane mvua haina adabu, viatu vya ngozi viache sandukuni, njoo na kandambili. Vua viatu mlangoni hata kama soksi yako ina tundu, matundu tumeshayaona mengi. Usimshike mtu kichwa, hata mtoto. Tembea na noti ndogo ndogo. Mbwa wa manjano anabweka tu, mweupe anang'ata. Wageni walikuwa wakiusoma, wanacheka, wanaupiga picha, na waliokaidi kuhusu yule mweupe walirudi kuomba dawa.

Sasa, kila alfajiri watawa wanapita kichochoroni kwetu, pekupeku, kimya, mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu na bakuli lake. Sisi tunapiga magoti ukingoni na kutia tonge la wali wa kunata katika kila bakuli. Mtawa hasemi ahsante na wala hakatai. Ulichotia ndicho atakachokula siku ile. Na tunachowapa wao kinawafikia wafu wetu pia, ndiyo maana ukimaliza unamwaga maji chini na kumtaja wako. Mama Keomany alifiwa na mumewe, Mzee Oudone, mwaka wa yale mafuriko makubwa, na tangu hapo hakukosa asubuhi hata moja. Jioni analoweka mchele, saa kumi alfajiri anawasha moto, na mimi naamshwa na kikohozi chake.

Halafu akaja Bounlert. Nasema akaja, lakini alizaliwa humu humu, nyumba ya nne kutoka kwangu, na Mama Keomany amemfuta kamasi huyo. Alipokua akafungua ofisi ya kutembeza wageni kule barabarani. Akawa anawaleta kwa mabasi madogo kabla hakujapambazuka, anawatandikia mikeka mbele ya mlango wa Mama Keomany, na mwanamke mmoja wa ofisi yake anawauzia vikapu vya wali uliokwisha kupikwa, vimefungwa utepe mwekundu. Mama Keomany alisogea pembeni hatua tano. Akasema kijana anatafuta riziki yake, mwacheni. Mimi nilisema mengine, lakini hayaandikiki.

Msimu wa mvua Mama Keomany akateleza bafuni, mkono wa kulia ukafungwa plasta. Chungu cha kupikia kwa mvuke hakiinuliwi na mtu wa mkono mmoja. Na wiki ile ile ilikuwa inaangukia siku aliyofariki Mzee Oudone. Nikamwambia dada, nitakupikia mimi. Akasema wali wangu unakuwa mgumu. Kiburi tu hicho, na mimi nikanuna, nikamwacha. Asubuhi akanunua kikapu kwa yule mwanamke wa Bounlert.

Nilikuwa nimepiga magoti karibu yake. Alifungua kikapu wakati mtawa mkuu, mzee wa watu, amekwisha kusimama mbele yake na bakuli wazi. Tonge lilikuwa tayari vidoleni ndipo harufu ikamfikia. Wali ulikuwa umechacha. Ni wa jana, umepashwa moto ukapambwa utepe. Sasa afanye nini? Kwetu mkono ulionyooshwa kwa mtawa haurudi nyuma, hajawahi mtu kuurudisha. Akatia. Akatia na kwa wa pili, na wa tatu, mpaka wa mwisho, kwa jina la mume wake.

Walipopita akamwaga maji, akabaki amekaa chini.

"Nimemlisha Oudone wali uliochacha," akaniambia. "Na nilikuwa najua."

Siku ya pili mtawa mkuu hakutoka, wakasema tumbo. Alikaa ndani wiki nzima, na aliporudi njiani alikuwa amekonda hata bakuli linamwelemea. Tangu siku ile wali nikawa nampikia mimi, na Mama Keomany aliutoa na ugumu wake bila kusema neno. Hapo ndipo nilipojua ameumia.

Lakini hakuumia kwa kukaa bure. Alifuta ubao wote, boti, mvua, mbwa, akaandika upya kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda kila moja na njia yake. Wali unaouzwa hapa nje ni wa jana, usinunue. Ukitaka kutoa, njoo jikoni kwangu saa kumi alfajiri tupike. Ukishindwa kuamka, simama ng'ambo, funika mabega, zima taa ya kamera, nyamaza. Pembeni kabisa, kwa sababu ni yeye, akamrudisha yule mbwa mweupe.

Wageni si wanajua kusoma? Siku ya tatu nusu ya mikeka ilikuwa tupu. Bounlert akaja, mpole kama mtu anayeposa.

"Shangazi, futa mstari mmoja tu. Mengine yabaki."

"Upi?"

"Huo wa wali."

"Huo ndio ubao, Bounlert. Mengine ni mbwa."

Upole ukamwisha. Akasema hatamletea tena mgeni, na wenzake wote wenye ofisi watamfuata, na tuone kama atakula chaki. Mama Keomany aliendelea kumenya vitunguu saumu kwa mkono mmoja. Kweli, wiki haikuisha vyumba viwili vikabaki vitupu, na mimi, nakiri, nilivuka kichochoro kumsihi afute, maana ubao hauliwi. Akaniambia nirudi nikaweke chumvi kwenye supu yangu, ndicho ninachokiweza. Nilirudi nimekasirika, na kesho yake nikampelekea bakuli la supu hivyo hivyo.

Alhamisi saa sita mchana akaja mwenyekiti wa mtaa, Mzee Khamsouk, na karatasi mkononi, Bounlert nyuma yake. Akasoma kwamba ubao wa nje unahitaji kibali, kwamba huu unaaibisha mji mbele ya wageni, kwamba ufutwe leo au uondolewe. Wateja wangu waliacha tambi zinapoa wakaja kusikiliza. Nilitegemea Mama Keomany awake. Wapi. Akamuuliza tu lile tunaloulizana wote tukikutana, kama amekwisha kula. Mwenyekiti, kwa mazoea na kwa njaa, akasema bado.

Akawakaribisha mkekani wote wawili. Na kwetu ukikaribishwa chakula unaonja hata tonge moja, kuondoka bila kugusa ni kuitukana nyumba. Akaleta samaki wa kuchoma, pilipili ya kutwanga, majani, na kikapu kimoja cha wali. Kilikuwa na utepe mwekundu. Nakijua, kwa sababu asubuhi ile, tulipokwisha kusikia mwenyekiti anakuja, alinituma mimi nikakinunue, na niliponunua nilitabasamu.

Mwenyekiti akafungua. Harufu ilinifikia hata mimi niliyesimama. Alifinyanga tonge, akalipeleka karibu na mdomo, likaishia hapo. Akamtazama Bounlert. Bounlert alikuwa anamtazama samaki.

"Kula, Mwenyekiti," Mama Keomany akasema. "Umenunuliwa leo asubuhi. Watawa wamepewa huo huo."

Mwenyekiti akaliweka tonge chini, taratibu.

"Dada, huu umechacha."

"Ndiyo. Wewe umeweza kuurudisha."

Mwenyekiti aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akasema suala hili litaangaliwa. Liliangaliwa hivi: mikeka ikahamishiwa barabara ya pili, na Bounlert anaapa wali wake sasa ni wa siku hiyo hiyo. Sijaonja, sina mpango. Wageni wake hawaletwi tena huku, na Mama Keomany ameuza pikipiki, na chumba cha nyuma kina buibui. Usinidanganye eti haki inalipa. Ila saa kumi alfajiri jikoni kwake utakuta mgeni mmoja wawili wanaungua vidole, wamekuja wenyewe kwa kusoma ubao.

Plasta ilipotolewa hakumwalika mtu. Alipika mwenyewe, kikohozi chake kikaniamsha, nikatoka na kikapu changu nikapiga magoti pembeni. Mtawa mkuu akaja, akafungua bakuli, akasimama. Mama Keomany akanusa tonge kwanza, mbele yake, jambo ambalo halifanywi, kisha akatia. Wakapita wote. Akamwaga maji chini, na badala ya kumtaja mumewe kimoyomoyo kama watu wengine, akamwita kwa sauti, kichochoro kizima kikasikia.

"Oudone, njoo ule. Huu nimepika mimi."