Rumonge Wamekula Mutama

Bibi yangu Mwasiti, ambaye majirani walimwita Mama Sikuzani, aliolewa katika kijiji kidogo mno, hata Wadachi wa boma la Usumbura walikipita bila kukiona. Chini yetu ziwani iko Rumonge, wavuvi Waislamu wa asili ya Kongo na Ujiji, watu wa mitumbwi na maneno mengi. Juu yetu iko Kizuka, wakulima Warundi, watu wa michikichi, mikuki, na maneno mengi vilevile. Sisi katikati tulikuwa na shamba la muhogo la bibi, basi. Likiharibika hilo, watoto walale njaa.

Siku moja Mzee Ntirampeba wa Kizuka alishuka Rumonge kubadilisha mtama kwa dagaa. Akirudi, goti likamvimba, akajitupa uani kwa bibi. Akapikiwa, akanogewa, goti likakataa kabisa kupona.

Kwao wakaingiwa na wasiwasi. Vijana wakashuka moja kwa moja hadi kwa Nasoro, mkubwa wa wavuvi. Kiswahili chao kilikuwa cha kununulia dagaa tu.

"Amahoro. Mutama wetu iko wapi?"

Sasa, mutama kwa Kirundi ni mzee. Kwa Nasoro mutama ni nafaka, tena ile aliyoletewa juzi! Akajibu kwa furaha: "Tumekwisha kula! Tulitwanga, tukasonga ugali. Mkavu kidogo, lakini tulishiba. Mukiwa na mwingine, leteni!"

Lahaula! Vijana walipanda mlima wakilia.

Mchana Kizuka wakateremka na mikuki. Rumonge, wakisikia wanafuatwa kwa ajili ya nafaka waliyoilipia dagaa, wakapanda na makasia. Wakakutana wapi? Kwenye muhogo wa bibi, wapi tena!

Bibi akatoka na mwiko. Damu ikimwagika, askari wa boma wangechoma vijiji vyote bila kuuliza nani kaanza.

"Simameni hapo hapo! Wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi. Nyasi ndiyo mimi, na leo nyasi ina mdomo!"

Wakasimama. Mkubwa yeyote wa boma angetaka ushuru wa kuwapatanisha. Bibi alitaka tu miguu yao itoke shambani.

"Mama Sikuzani, wamekula mutama wetu!" wakalia Kizuka.

"Tumekula, ndiyo!" Nasoro akafoka. "Si tuliwapa dagaa?"

Bibi akawatazama hawa, akawatazama wale. Akacheka mpaka akakaa chini. "Wapumbavu wa pande zote mbili! Mzee Ntirampeba, toka nje, umeliwa!"

Mzee akachechemea nje, dagaa ndevuni. "Nimeliwa? Basi huyu anayekula ni nani?"

Mikuki ikaanguka. Watu walicheka, wakakumbatiana, ngoma ikaletwa, wakacheza mpaka jua likazama. Wakacheza wapi? Kwenye muhogo!

Vita havikuugusa ule muhogo, amani ndiyo iliyousaga. Bibi alipouona, hakucheka tena. Alilia, na wote wakamsikia.

Kesho yake wakarudi, Kizuka na vipando vya muhogo, Rumonge na dagaa za kuwalisha watoto mpaka muhogo ukomae. Nasoro hakuwahi kushika jembe maishani, alilalamika mstari mzima. Alipofika mwisho akauliza, "Mama Sikuzani, pembeni hapa tupande mutama?"

Majembe yote yakasimama.

"Nipandeni tu," akasema Mzee Ntirampeba kutoka kivulini, "ila dagaa kwanza."