Samaki Aliyepotea Tangini

Juzi, nikimchagulia binti yangu samaki wa kukaa kwenye mchanga wa tangi katika duka moja la Ruiru, nilimkumbuka Anti Nekesa, aliyetufanyia kazi nyumbani Thika.

Samaki wangu wa kwanza wa maji ya chumvi nilimchagua mwenyewe. Siku ya tatu nilitoka shule nikakuta tangi tupu, pampu ikinguruma, paka wetu amelala juu ya kifuniko. Jikoni kulinukia samaki wa kukaanga. Kwetu hakuna aliyekula samaki isipokuwa Anti, mtu wa Busia, upande wa ziwani.

"Umekula samaki yangu!"

Alizima stovu, akanivuta hadi kwenye tangi, akagonga kioo. Macho mawili yakachomoza mchangani. Sasa najua kwamba samaki wa aina hiyo hujifukia wakiogopa.

"Haya, umemwona," alisema. "Na hiyo paka, mbona hukuiuliza?"