Diploma ya Hekima

Mama amechoka kufunga maboksi ghalani huku Marekani. Anataka kazi yake ya zamani ya hospitali. Diploma yake ya Uvira, Kongo, ilikubaliwa kule Burundi bila maneno. Ili Ohio nayo iikubali, nikaitafsiri mimi kwa Kiingereza, na Kifaransa changu ni cha kubahatisha. Imeandikwa "sage-femme". Donc, "sage" ni mwenye hekima, "femme" ni mwanamke. Nikadhani ni cheo, nikaandika "Wise Woman".

Leo karani wa ofisi ya leseni akasoma, akaniuliza taratibu, "Hekima hii mama yako aliisomea miaka mingapi?"

Kwa aibu nikamtafsiria Mama. Akacheka mpaka akashika meza.

"Mtoto wangu, sage-femme ni mkunga. Bon, ningekuwa na hekima, ningekupa wewe karatasi zangu?"