Kwa Karamu, Ruhusa Imepatikana

Mwanangu amefanywa meneja wa benki. Benki ile kubwa ya Mombasa, yenye milango ya vioo na askari nje. Huku kijijini kwetu Mghange hakuna mwingine. Sasa ndipo niwasalimu: hamjambo wasomaji. Namshukuru mhariri kwa kulificha jina langu. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na nne. Shule niliiachia darasa la nne, lakini watoto wangu wote wamesoma kwa kabichi za shamba hili.

Huyu kifungua mimba wangu alianza ukarani, akapanda mpaka akapewa ufunguo. Chumba cha chuma cha benki hakifunguki ila kwa funguo mbili, na kila mmoja una mtu wake. Mmoja asipofika, benki nzima inakaa barazani. Aliniambia hata akilala, hulala nao kiunoni. Nami sokoni nikawa nasema, "Mombasa haiamki mpaka kijana wangu aamke."

Mwaka juzi babake akafa. Tukampigia simu kutoka posta kwamba mazishi ni Jumamosi. Akaomba ruhusa. Mkubwa wake akamwambia, "Pole sana. Nenda, lakini kwanza aje mtu wa kupokea ufunguo." Huyo mtu alitakiwa kutoka Nairobi, na Nairobi ikasema Jumatatu. Tulingoja kaburini mpaka jua likapinduka, wazee wakasema yatosha. Udongo wa kwanza, ambao ulikuwa wake, akautupa binamu yake. Jirani yangu akanong'ona ili nisikie: "Mombasa imeamka, mama. Ni Mghange iliyolala."

Alifika Jumanne amevaa suti. Akasimama pale kaburini, akaniambia, "Mama, ningefanyaje? Ufunguo ulikuwa kwangu." Nikampikia, akala. Sikusema neno, na sijasema mpaka leo.

Sasa cheo kimekuja na karamu hapa nyumbani. Anakuja na wakubwa wake wawili, asubuhi ya karamu. Mtu wa kupokea ufunguo amepatikana bila taabu. Kwa karamu, ruhusa ipo. Neno hilo nalitafuna kila asubuhi nikikamua ng'ombe.

Juzi alikuja shemeji yangu, mdogo wa marehemu. "Shemeji, babake hayupo. Wewe ndiwe utakayetasa." Wasomaji wa mbali, kutasa kwetu ni kutia maji ya miwa mdomoni, kuyapuliza nje na kukitaja wazi kila kinyongo, ndipo umbariki mtoto. Ukimbariki na hasira umeificha kifuani, humfuata yeye.

Nikamwambia, "Mimi nimeokoka, nitaomba tu."

Akacheka. "Umeokoka, sawa. Lakini ile ya kaburini umeitema?"

Nikamwongeza chai.

Nikiitaja mbele ya wageni, nitamwaibisha mwanangu mbele ya wakubwa wake, na mimi niliyemsifu mpaka watu wakachoka nitaficha wapi uso? Nikinyamaza nikapuliza maji matupu, naogopa nitamwekea jambo baya huko aendako, na ni mtoto ninayempenda kuliko pumzi yangu.

Nyinyi mliozaa, nishaurini. Hasira hii niiteme au niimeze? Msikawie kunijibu, maana fahali ameshachaguliwa na ukoo wote umealikwa, na kanisa, na hata yule jirani. Wanakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, saa ile benki inapofunguliwa.