Anzeni, Nakuja

Mwanamke mmoja amenipita hapa soko la Volo Volo, Moroni, akinukia mafuta ya maua ya langilangi, na hasira imenipanda palepale. Jirani yetu wa Mutsamudu, kisiwa kingine nilikokulia, alijipaka hayohayo, na neno alilomwambia baba halijanitoka.

Tulikuwa Wakristo wachache, watu wa kuja, na baba alitunza kanisa dogo. Siku aliyolisema, kisiwa chetu kilikuwa kimejitenga, askari wa Moroni wameshuka kukirudisha, bunduki zinalia. Mama alitandika mkeka ili tusali pamoja kabla ya kutukimbiza milimani. Baba angebaki na kanisa lake.

"Anzeni, nakuja," alisema, akiendelea kusugua viti vya kanisa uani. Padre angekuja Jumapili.

Jirani, aliyekuwa akitukaangia mikate ya njiani, alisikia adhana. Akaepua kikaango, mkate ungali mbichi, akaenda kusali. Aliporudi, akamkuta baba bado anasugua, akamuuliza:

"Shemeji, huyo Mungu unamwandalia viti tu, humsemeshi?"

Baba alicheka. Mama hakucheka. Alisali akiwa ameuminya mkono wangu, nafasi ya baba mkekani ikiwa tupu. Alipofika mwisho, baba akatokea, kitambaa begani, akaitikia "Amina" kwa sauti ya kutushinda sote.