Mwangalia Chupa wa Pinkney

Bi Verna Stallings alikaa mbele ya ubao wa mwanga, kioo chenye taa nyuma yake, kwa miaka arobaini na tisa, akitazama chupa tupu zikipita. Kazi yake ilikuwa kutafuta ufa. Chupa yenye ufa ikitiwa gesi haivunjiki tu, hulipuka, na vipande vyake havichagui sura ya mtu. Mzee Purvis, aliyeendesha mashine ya kujaza kabla yangu, aliacha jicho lake la kushoto humo ndani.

Mimi ni Odell Rascoe, na nilisimama hatua tatu baada ya Bi Verna. Alichokipitisha yeye, mimi nilikijaza. Sikuwahi kuitazama chupa mara ya pili, maana hiyo ingekuwa kumtukana.

Soda ya Tolliver ilizaliwa hapa, mji wetu mdogo wa Pinkney, kwenye duka la dawa la pembeni mwa mahakama, na bado watu huja kuona kaunta ilipokorogewa. Kiwanda chenyewe kilishahamia jiji kubwa. Sisi tulibaki na jengo la zamani, mashine moja, kamba ya kuwazuia wageni, na Jumamosi za kuwaonyesha mambo yalivyokuwa. Wakishatuona hununua fulana, hutia karanga kwenye soda zao kama wanavyotuona sisi wenyeji tukifanya, halafu huenda zao.

Jumamosi ya pili ya Mei ndiyo iliyokuwa ngumu. Siku hiyo familia huleta chupa za nyumbani, za babu na bibi, zilizokaa kabatini miaka sitini au themanini, ili zijazwe tena. Ni vioo vichovu. Lakini mtu wa Pinkney hawezi kumwambia mgeni kwamba chupa ya marehemu baba yake haifai. Hawezi kabisa, bora afe. Atasema, "Jamani, ni nzuri hiyo!" kisha ataipokea kwa mikono miwili.

Bi Verna peke yake ndiye aliyeweza kukataa. Alikuwa na ndoo ya maua kutoka bustanini kwake, na chupa yenye ufa aliirudisha ikiwa na ua ndani. "Hii itakaa vizuri dirishani kwako, mpenzi," alikuwa akisema, na mwenye chupa aliondoka anatabasamu. Kila mwaka, katika chupa sitini, kumi zilirudi na maua.

Sasa niseme jambo ambalo linaniudhi mpaka leo. Nilijua kwamba haoni.

Nilijua tangu Krismasi. Kwenye chakula cha kanisa alisimama mbele ya koti lililotundikwa mlangoni, akaliambia, "Mchungaji, mbona umenyamaza leo?" Tulicheka wote. Yeye alicheka mwisho, baada ya kusikia sisi tunacheka. Tangu hapo nikaanza kumchunguza. Alikuwa haangalii tena chupa. Alizigonga kwa pete yake ya ndoa na kusikiliza, au alipitisha ukucha shingoni. Ulikuwa mtoto wa jicho, kama wa mama yake. Mama yake alipasuliwa macho akarudi nyumbani kipofu kabisa, na Bi Verna aliapa kwamba hakuna kisu kitakachomgusa yeye.

Na mimi nilifanya nini? Nilichukua barakoa ya waya kutoka kwenye kabati la maonyesho, nikawa naivaa kazini. Wageni walipouliza, niliwaambia ndivyo wazee walivyovaa. Wao, nyuma ya kamba, hawakuwa na chochote usoni.

Mei hiyo bendi ya shule ya sekondari iliwekwa chini ya dirisha letu. Walipoanza kupuliza tarumbeta, nilimwona Bi Verna akigonga chupa, akiisogeza sikioni, akigonga tena. Alikunja uso. Kisha akaipitisha.

Nikajaza. Nilipovuta mkono wa mashine nilifumba macho, nikasikia gesi ikiingia, nikasikia kizibo kikikaa. Chupa ikatoka nzima. Ya pili, ya tatu. Kufikia saa tano asubuhi nilikuwa nimejaza thelathini na moja, na ndoo ya maua ilikuwa bado imejaa. Hakuna hata ua moja lililotoka. Miaka mingine, kufikia hapo, tano zingekuwa zimesharudi.

"Bi Verna," nilimwambia, "pumzika kidogo, unywe chai ya barafu."

"Umechoka wewe, Odell? Kaa chini basi. Mimi bado binti."

Wakati huo aliingia Mzee Clyde Hatchell, miaka tisini na mbili, kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na binti yake. Alizaliwa nyuma ya kiwanda hiki na hakuwa amerudi tangu alipokwenda jeshini. Mapajani alikuwa na chupa ya baba yake, imefungwa kwenye soksi.

"Wewe kijana," aliniita, "hebu niondolee hiyo kamba. Nimesafiri siku mbili. Nataka niione ikijaa, si nisimuliwe."

"Mzee, kamba ni ya usalama."

"Usalama! Nimekula risasi mimi, nije nife kwa soda?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Bi Lurleen Cobb, msimamizi wetu, akanipungia mkono: mwachie mzee wa watu. Basi nikaifungua kamba ile kwa mikono yangu mwenyewe. Wakamsogeza mpaka goti lake likagusa meza ya mashine, uso wake sawa kabisa na chupa.

Bi Verna aliipokea chupa. Aliigonga, bendi ikaufunika mlio. Alipitisha ukucha shingoni, akasita, akaupitisha tena. Akaiweka kwenye mkanda.

Ilinijia. Niliishika, nikaiweka chini ya mdomo wa mashine, nikashika mkono wa kuvuta. Mzee alikuwa amefungua kinywa kama mtoto anayesubiri peremende. Nilitaka kusema neno. Naapa nilitaka. Ulimi uligoma.

"Simamisha!"

Bi Verna alikuwa amesimama, kiti chake kimeanguka. "Odell, simamisha! Usiivute! Mwondoe mzee hapo!"

Niliachia. Bi Lurleen alikimbia, akaichukua chupa, akaiinua kwenye ubao wa mwanga. Aliizungusha polepole, juu mpaka chini.

"Haina kitu, Verna," alisema. "Ni nzima. Hakuna hata mkwaruzo."

"Sijui kama ni nzima," Bi Verna alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Siioni. Tangu Krismasi sioni kitu kwenye ubao huu ila mwanga."

Watu wote walivuta pumzi kwa mshtuko, bendi ikipuliza nje. Kisha Bi Lurleen akageukia meza ya pembeni, ambako chupa zile thelathini na moja zilikuwa zinachukuliwa na wenyewe, na rangi ikamtoka.

Tulizikusanya moja moja. Mbili zilikuwa na ufa. Moja ilikuwa bado mezani. Ya pili ilikuwa mkononi mwa mama mmoja aliyempakata mtoto mchanga. Alikuwa anaitikisa ili mtoto aone mapovu. Nilimwambia, "Mama, nipe hiyo taratibu," nikaipokea kwa vidole viwili, nikatembea nayo mpaka uani nikihesabu pumzi, nikaizika kwenye pipa la mchanga. Haikulipuka. Hakuna kilicholipuka siku ile.

Nilimkuta Bi Verna kwenye maegesho, ameegemea gari lake.

"Wewe hukushtuka," aliniambia. "Nimekusikia. Wengine wote walivuta pumzi, wewe hukuvuta. Ulijua."

"Nilijua."

"Miezi mitano naja hapa na siri hii, nikifikiri niko peke yangu. Ungeniambia neno moja tu, Odell, ningelia, ningekutukana, halafu ningekaa nyumbani."

"Niliogopa kukuaibisha, Bi Verna."

"Ona sasa ulivyonisitiri." Alinyoosha mkono, funguo za gari zikining'inia. "Endesha wewe."

Nilizitazama zile funguo, na ndipo nilipoelewa alifikaje kazini asubuhi ile, na nyingine zote.

Nilishika njia ya kwake. Alikuwa anajua kila kona kwa kuinama kwa gari. Tulipofika kwenye mistari myeupe ya kuvukia watoto, mbele ya shule ya msingi, alishika mlango.

"Hapa huwa napiga honi, nahesabu mpaka tano, halafu napita," alisema. "Siku za wiki watoto hutoka saa ngapi?"

"Saa tisa."

Alihesabu kwa vidole. "Jumatano huwa napita hapa kwenda kwaya. Kwaya huanza saa tisa na robo."

Nilisimamisha gari kabla ya mistari, ingawa njia ilikuwa tupu. Saa ya kwaya niliijua miezi yote hiyo, kwa sababu mke wangu huimba humo humo.