Kaya ya Mtu Mmoja

Karani wa sensa alinikuta asubuhi, sijaenda kufungua duka. Miaka minne nilikuwa naishi peke yangu ghorofa ya tatu, Mchafukoge, tangu mume wangu afariki. Mabinti zangu wameolewa mikoani. Karani mwenyewe alikuwa binti mdogo; alionyesha kitambulisho kabla sijamwomba, akawasha kishikwambi chake.

"Mama, usiku wa kuamkia siku ya sensa mlilala wangapi hapa?"

"Mmoja."

"Mkuu wa kaya?"

"Mimi."

Alipofika kwenye kazi nilimweleza habari za vitenge ninavyouza Kariakoo, mpaka vile visivyopata wateja. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akagusa kioo mara moja tu. Nilimkaribisha chai. Akasema bado ana jengo zima.

Nikamsikia akigonga mlango wa pili. Pale anakaa mzee wa Kiarabu, ambaye tulikuwa tunasalimiana naye kwenye ngazi tu.

"Nenda zako, sina shida na mtu!" mzee alisema kutoka ndani.

Nikatoka. "Shikamoo, baba. Ni mimi jirani yako. Huyu ni karani wa sensa."

"Marahaba. Mambo yangu anayatakia nini?"

"Kuhesabiwa ni wajibu wetu sote. Ila una haki ya kuona kitambulisho chake kwanza, na utakayomwambia ni siri."

Komeo likalia. Alikisoma kitambulisho mbele na nyuma, amekishika mbali na macho. "Haya, ingieni wote wawili. Mwanangu, kaa hapa karibu yangu."

Nilikuwa nimeshaanza kuvua viatu.

"Samahani, mama," karani alisema. "Majibu ya baba ni siri, hata kwako."

Ni kweli, nilikuwa nimetoka kuyasema hayo mwenyewe. Nikabaki koridoni. Mzee aliongea, akaongea, mara moja akacheka. Nilimwonea wivu yule binti.

Karani alipopanda ghorofa ya nne, mzee alisimama mlangoni.

"Na kwako mko wangapi?"

Yeye sikulazimika kumjibu. "Mmoja, baba."

"Hata hapa."

Akafunga mlango taratibu. Nami nikashuka kwenda dukani, nimechelewa.

Siku hizi nisipotoka mapema, mzee hunigongea.

"Upo?"

"Nipo, baba."

Kisha nasikia ndala zake zikirudi kwake.